MAJI YAKIINGIA KATIKA BUATI YA VITESI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, leo ukurasa wetu unasema juu ya jambo linaloonekana dogo: kuosha moteri ya motokari. Utauliza, maji na sabuni vina hatari gani? Soma mpaka mwisho, kwa maana motokari iliyooshwa vibaya inaweza kukula mshahara wa miezi mingi, na inaweza kumvunja mtu miguu mbele ya nyumba yake.

Hatusemi msioshe. Udongo mwekundu wa njia ya Kasongo kwenda Kabambare mnaujua. Wakati wa mvua ni tope linaloshika chini ya moteri kama saruji; wakati wa kiangazi, toka Juni mpaka Agosti, ni vumbi linaloingia mpaka ndani ya masikio. Moteri iliyofunikwa na tope inapata joto kupita kiasi, na fundi hawezi kuona pahali mafuta yanapovuja. Kuosha ni kazi nzuri. Lakini yapasa ujue maji yanakwenda wapi.

BUATI NI KITU GANI

Nyuma ya moteri, na katika motokari nyingi ndogo ubavuni mwake, kuna sanduku la chuma lenye gia ndani. Mafundi wetu wanaliita buati ya vitesi. Kazi yake ni kuchukua nguvu za moteri na kuzipeleka kwenye magurudumu: pole pole na kwa nguvu unapopanda mlima, kwa haraka unapokuwa kwenye tambarare. Katika Land Cruiser nyingi za kazi na katika malori, shofere anabadilisha vitesi mwenyewe, kwa mkono na kwa ambreaji. Katika otomatiki, buati inabadilisha yenyewe: mafuta yenye presha yanasukuma, na kompyuta ndogo inatoa amri kwa njia ya waya.

Watu wengi wanafikiri sanduku hilo limefungwa kama chupa. Sivyo. Lina tundu la kupumulia, kwa sababu hewa ya ndani inapanuka ikipata joto, na kama haina njia ya kutoka itasukuma mafuta nje. Otomatiki nyingi zina tena bomba la kijiti cha kupimia mafuta. Kwa nje kuna fishi za waya, zenye mipira midogo inayozuia maji, nayo mipira hiyo inazeeka na kupasuka kama mpira wa kiatu.

Sasa sikia jambo lenyewe. Baada ya safari, mafuta ya otomatiki yanafika digri 80 ao 90. Ukimwaga maji baridi juu ya buati yenye joto la namna hiyo, hewa iliyo ndani inasinyaa kwa ghafula, na buati inavuta pumzi. Kama tundu la kupumulia limezungukwa na maji wakati huo, haivuti hewa, inavuta maji. Ndiyo sababu ndoo moja ya maji kwenye moteri ya moto inaweza kuharibu kuliko mvua ya usiku mzima juu ya motokari iliyolala.

Na ile mashini ya kuoshea kwa presha, inayotumika kwa malori na mashini kubwa za mgodi, ni mbaya zaidi kwa motokari ndogo. Gurudumu la motokari lina presha ya bari 2 na kitu. Mashini ya kuoshea inatoa bari 100 na kupita. Hakuna mpira wa fishi uliotengenezwa kwa kukingana na maji ya namna hiyo kwa karibu.

MAGONJWA MAWILI YASIYOFANANA

Tuseme motokari yako ni otomatiki, mojawapo ya zile zilizotumika kwanza Japani na kufika kwetu kwa njia ya Dar es Salaam ao Mombasa, usukani ukiwa kuume wakati sisi Wakongomani tunatembea upande wa kuume. Umerudi, umeiosha ingali na joto, umefunga kapo. Asubuhi unaiwasha, inawaka. Unaweka D, inaondoka kwa uzito kama mzee mwenye mzigo. Moteri inalia sana lakini vitesi haibadiliki. Ao mkono ukiingia D unasikia kishindo. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 taa ya O/D OFF inawaka na kuzimika bila wewe kuigusa. Watu watakuambia: buati imekufa.

Pengine haijafa hata kidogo. Huo ni ugonjwa wa kwanza, ugonjwa wa waya. Maji yameingia katika fishi ao katika vile vifaa vidogo vinavyopima mwendo, na kompyuta inapokea habari za uongo. Ikiona habari hazipatani, inajikinga: inashika vitesi moja tu, mara nyingi ya pili ao ya tatu, na kukataa kubadilisha, ili usiharibu gia. Ugonjwa huo unakuja mara moja baada ya kuosha, na mara nyingi unaondoka fishi zikikauka.

Ugonjwa wa pili ni wa mafuta, nao hauna kelele siku ya kwanza. Maji yameingia ndani ya buati yenyewe. Motokari inatembea vizuri leo na kesho. Baada ya siku chache inaanza kuteleza, moteri inapanda bila motokari kwenda. Ndani ya otomatiki kuna sahani nyembamba zilizobandikwa kitu kama karatasi ngumu kwa gundi. Maji yanalegeza gundi, karatasi inabanduka, vipande vinaziba njia za mafuta. Hapo mafuta mapya hayaponyi tena, ni kuifungua buati yote. Na buati ya otomatiki haipatikani kila duka la Kasongo. Mtu anaagiza Bukavu ao mbali zaidi, na kungoja.

Je, utatofautishaje? Kwa kijiti cha mafuta. Mafuta mazuri ya otomatiki ni mekundu na unaona kupitia kwake. Yakiwa na maji yanakuwa mazito, yenye rangi ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi, na pengine yana povu. Pangusa kijiti kwenye kitambaa cheupe, tazama katika mwangaza wa jua. Ukiona maziwa, usiwashe tena moteri. Kila dakika ya kutembea inapeleka maji mbele. Motokari ambayo haina kijiti, na ziko nyingi za siku hizi, yapasa fundi aangalie mafuta kwa parafujo iliyo chini.

Tena tusiwe wepesi kusingizia ndoo. Katika otomatiki nyingi, mafuta ya buati yanapozwa ndani ya radiateri, yakipita katika kibomba kilichozungukwa na maji. Kibomba hicho kikitoboka, maji ya radiateri yanaingia katika mafuta ya buati, na dalili ni ile ile ya maziwa ya waridi. Fungua kifuniko cha radiateri, moteri ikiwa baridi kabisa, utazame: ukikuta mafuta yanaelea humo, mkosaji si aliyeosha. Ukibadilisha mafuta tu bila kubadilisha radiateri, baada ya wiki utarudi pale pale.

USIMRUHUSU MTU "KUUNGA WAYA ILI IWAKE TU"

Hapa tunaomba masikio yako yote. Ubavuni mwa buati ya otomatiki kuna swichi inayojua mkono wa vitesi uko wapi. Kwa sababu ya swichi hiyo, moteri inawaka tu mkono ukiwa kwenye P ao N. Swichi ikilowa, mara nyingi moteri inakataa kuwaka popote. Unageuza ufunguo, kimya.

Ndipo anapokuja jirani mwenye akili nyingi. Anakata waya mbili za swichi, anaziunganisha, motokari inawaka, watu wanapiga makofi. Kesho yake swichi imekauka, lakini waya bado zimeungwa. Siku moja mtoto anacheza na mkono wa vitesi, ao wewe mwenyewe umezima ukiwa kwenye D kwa sababu ya haraka. Unageuza ufunguo, moteri inawaka, na motokari inaruka mbele wakati huo huo. Mbele yake kuna nani? Kuna yule anayepangusa taa, ao mama aliyeweka kikapu chake kando ya ukuta.

Kule mgodini huruhusiwi kuondoa kifuniko cha mashini wala kuunga swichi ya usalama ili kazi iende haraka. Kapita akikuona, unajua kitakachofuata. Nyumbani hakuna kapita. Swichi ya buati ni swichi ya usalama sawasawa na ile ya mgodini. Kama imeharibika, ibadilishwe. Kama imelowa, ikaushwe.

Na usikubali otomatiki isukumwe ili iwake. Haitawaka kwa kusukumwa, mtatoka jasho bure. Wala usiivute kwa kamba mpaka mji mwingine magurudumu yake yanayoendeshwa yakigusa chini: moteri ikizimwa, pampu ya mafuta ya buati haifanyi kazi, gia zinazunguka kavu.

KUKAUSHA

Motokari iliyo na ugonjwa wa kwanza inaponywa kwa subira. Ondoa waya wa batri, ule wa alama ya kutoa. Fungua kapo, acha jua lifanye kazi yake nusu siku ao siku nzima. Fishi za buati zifunguliwe moja moja, kwa kubonyeza kishikio chake na si kwa kuvuta waya, zitikiswe, zipulizwe. Pampu ya mkono ya magurudumu inatosha. Ukiona rangi ya kijani kibichi kwenye meno ya shaba, ni kutu. Isafishwe kwa dawa ya kusafishia fishi. Kisha urudishe waya wa batri, ujaribu polepole hapo hapo uwanjani, bila watu ndani na bila mtu mbele ao nyuma.

Usiweke mbabula ya makaa chini ya moteri. Mvuke wa esansi unashika moto kwa cheche moja, na mbabula ndani ya garaji iliyofungwa inatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, inayoua mtu akifikiri anasinzia. Wala usimwage mazuti juu ya moteri ili ing'ae. Inang'aa kweli, kwa siku moja, halafu vumbi linashika mara mbili, na mipira ya fishi inavimba na kulegea. Mazuti juu ya bomba la moshi lenye joto ni moto unaongojea.

Ugonjwa wa pili, wa mafuta, ni wa fundi. Lakini ujue hesabu ili usidanganywe. Ukifungua parafujo ya chini, mafuta yanayotoka ni sehemu tu, mara nyingi si zaidi ya nusu. Mengine yanabaki ndani. Kwa hiyo kumwaga mara moja hakutoshi. Yanamwagwa, yanatiwa mapya, moteri inawashwa kidogo bila kwenda safari, yanamwagwa tena, mara mbili ao tatu, mpaka rangi irudi nyekundu safi. Mafuta yawe yale yaliyoandikwa katika kitabu cha motokari ao kwenye kijiti chenyewe. Usikubali neno la "mafuta yote ni mafuta".

KUOSHA KWENYEWE

Zima moteri, toa ufunguo, utie mfukoni mwako wewe unayeosha. Ungojee moteri ipoe mpaka uweze kuweka kiganja juu yake bila kukiondoa. Hata hivyo ukae mbali na feni ya radiateri: katika motokari nyingi ni ya umeme, na katika baadhi inaweza kuzunguka yenyewe hata ufunguo ukiwa mfukoni. Kifuniko cha radiateri kisiguswe kingali na joto. Maji ya ndani yana presha, na yanaweza kupita digri 100 bila kuchemka. Ukifungua, yanachemka yote mara moja usoni mwako.

Mtu akiungua, maji safi ya baridi yatiririke juu ya kidonda dakika 20, kisha kitambaa safi, kisha senta ya afya. Mawese na dawa ya meno havipakwi.

Funika kwa mifuko ya plastiki sanduku la fuzi, batri, alternateri, delko kama motokari ni ya zamani, fishi za buati na mdomo wa kuvutia hewa. Angalia kijiti cha buati kimeingia mpaka mwisho. Kisha usimwage. Tumia brashi, sabuni kidogo na kitambaa chenye maji, tope gumu ulikwangue kwa kijiti cha mti. Ni kazi ya saa moja na nusu badala ya dakika kumi, ndiyo.

Kabla ya kuondoka, jaribu breki. Breki zilizolowa, zaidi zile za ngoma, hazishiki vizuri. Tembea polepole pahali tambarare, ukikanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke. Na motokari iliyoshika vitesi moja ya juu isipelekwe kwenye mteremko: haiwezi kujizuia kwa moteri, mzigo wote unabaki kwa breki, nazo zinapata joto na kulegea. Njia ya Kabambare si pahali pa kujaribia.

WEWE WA LAND CRUISER NA LORI

Usifikiri hayo ni ya otomatiki tu. Motokari ya mkono haina kompyuta ya vitesi, lakini buati yake inapumua vile vile, na ekseli zake pia. Kwetu maji mengi hayatoki kwenye ndoo, yanatoka mtoni, pale daraja limevunjika na shofere anapita ndani ya maji. Umesafiri saa tatu, buati ni ya moto, unaingia katika maji mpaka nusu ya mlango. Ni jambo lile lile: inasinyaa, inavuta. Simama kwanza upande wa huku, mshuke, mmoja ajaribu kina kwa mti mrefu, moteri na buati zipoe kidogo. Muda huo si wa bure. Tundu la kupumulia la buati na la ekseli linaweza kuongezewa bomba la mpira linalopanda mpaka juu karibu na kapo. Ni kazi ndogo kwa fundi yeyote.

Land Rover za zamani zina tundu chini ya nyumba ya ambreaji, na parafujo yake ya kuliziba kabla ya kuingia majini. Wengi wanaziba na kusahau. Baada ya kuvuka, parafujo inaondolewa, la sivyo mafuta yanayovuja yanakaa humo na kulowesha ambreaji.

Tena, ambreaji ikilowa na motokari ikalala siku nyingi bila kutembea, sahani inaweza kushikwa na kutu. Unakanyaga pedali, vitesi haiingii. Baada ya kuosha ao kuvuka, tembea kidogo ili ambreaji ikauke kabla ya kuiacha.

Ukitaka kujua kama buati ya mkono imekunywa maji, fanya hivi. Iache ilale usiku mzima pahali pa usawa. Asubuhi, kabla ya kuiwasha, weka kopo chini, legeza parafujo ya kumwagia, usiitoe. Maji ni mazito kuliko mafuta, yamekaa chini; yatatoka ya kwanza. Yakitoka mafuta matupu, kaza, uende kazini. Lakini motokari ikiwa imetembea karibuni, maji yamechanganyika na mafuta, na alama ni rangi ya kahawa yenye maziwa.

PIKIPIKI

Wengi wetu hatuna motokari, tuna pikipiki. Katika pikipiki nyingi ndogo za 100, 125 na 150, mafuta ya moteri ndiyo yanayolainisha vitesi na ambreaji pia. Maji yakiingia pahali pamoja, yameingia pote. Moteri hizo zinapozwa na upepo, hivi zinakuwa na joto sana mara tu unaposimama. Usizimwagie maji wakati huo. Ukiona utelezi wa rangi ya maziwa ndani ya kifuniko cha kutilia mafuta, na haupotei baada ya safari ndefu ya kutosha, badilisha mafuta leo. Ni kama lita moja tu.

MTONI

Tumalizie kwa pahali ambapo wengi wanaoshea. Luama na vijito vyake ni karibu, maji ni ya bure. Lakini maji yanayokwenda polepole, yenye majani pembezoni na konokono wadogo, ndiyo yanayoleta bilharzia. Vidudu vyake vinapita katika ngozi nzima ya miguu, bila kidonda, kwa dakika chache. Mtoto anayeosha pikipiki ya baba yake akisimama majini mpaka magotini anaweza kuanza baadaye kuumwa tumbo na kuona damu katika choo. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, inatolewa senta. Lakini ni heri maji yachotwe kwa ndoo na pikipiki ioshwe juu, mbali na ukingo, wala si upande wa juu wa pahali wamama wanapochota.

Mafuta yaliyomwagwa yasiende mtoni wala mikononi. Mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika yanaharibu ngozi, na kwa yule anayeyashika miaka mingi bila kunawa yanaweza kuleta kansa ya ngozi. Nawa kwa sabuni, si kwa esansi. Yawekwe katika bidoni yenye alama ya rangi isiyofutika, pahali watoto hawafiki, na bidoni hiyo isirudi jikoni kuchukulia mawese, hata ikioshwa mara kumi.